Kumfundisha mgeni karata bila lugha: lasti kadi kwanza, halafu vijiko na saba

Maswali ni yale yale kila msimu. Mvua imewafungia kwenye hema la kulia, Wajapani wawili upande huu, wagumu (wapagazi wa mlimani) wa Machame upande ule, pakiti ya karata iko katikati ya meza na watu wanatabasamu tu. Nianzie wapi? Nimweleze kwa Kiingereza gani, naye Kiingereza hakijui? Mchezo upi wataushika upesi? Wa mapokezi kwenye hosteli za Moshi na vijana wa kambi za Arusha wanauliza hayo hayo.

Jibu fupi ni hili: usieleze. Fungua karata, kila mtu azione, cheza polepole, ongeza sheria moja moja. Kinachobaki hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kuharibu.

Mchezo mkuu ni lasti kadi, wa kumaliza karata zako kabla ya wenzako, kwa sababu mgeni wako huenda ameshaucheza kwao kwa jina lingine. Mjerumani anauita Mau-Mau (usishtuke akilitamka, kwake ni karata tu), Mpoland Makao, Mcheki Prší, Mholanzi Pesten, Mmarekani Crazy Eights. Hata asiyejua wowote kati ya hiyo pengine ameshika UNO, uliobuniwa Marekani mwaka 1971 kwa wazo hilo hilo: fuata alama au fuata namba. Kwa hiyo mara nyingi hufundishi mchezo mpya. Unamkumbusha wa kwao, halafu mnakubaliana sheria.

Andaa kabla hawajakaa

- Pakiti moja ya karata 52 kwa watu wawili hadi watano. Mkiwa sita au zaidi, pakiti mbili zenye migongo inayofanana. Kama mnapanda mlima, chukua za plastiki. Za karatasi hunyonya unyevu wa msituni, zinavimba na kunatana, na siku ya pili hazichangiki tena.
- Jokari mbili. Zitoe kwenye mchezo lakini usizitupe. Zitakuokoa karata ikipotea.
- Kizibo kimoja cha soda na njiti moja ya kiberiti. Matumizi yake utayaona.
- Kipande cha boksi cha ukubwa wa kiganja, umechora alama nne za karata kwa kalamu, moja kila pembe.
- Maharage makavu kumi kwa kila mchezaji, ya kuhesabia ushindi. Usitumie njugu. Zitaliwa.
- Shuka la Kimasai au blanketi jepesi juu ya meza. Juu ya plastiki au bati karata huteleza, na mwenye glavu hawezi kuiokota. Juu ya nguo inaokoteka.
- Mwanga mweupe. Tochi nyingi za kichwani zina taa nyekundu, na watu huiwasha wasiwaumize wenzao macho. Chini ya taa nyekundu kopa na uru zinafifia kabisa kwenye karata nyeupe, unabaki kuona kama karata tupu. Ining'inize tochi juu ya meza, taa nyeupe, iangalie chini.

Na mambo mawili ya kupima kwa macho. Kwanza, kuna watu wasiogusa karata kwa sababu ya dini, wageni na wenyeji. Mtu akisogeza kiti nyuma, usimbembeleze, mpe kazi ya kushika maharage au mwache anywe chai yake. Pili, pesa isikae mezani hata ya mzaha. Mgumu anayesubiri malipo ya siku sita hapaswi kuweka shilingi mezani mbele ya mgeni, na mchezo wa pesa ni kamari, yenye sheria na leseni zake.

Majina ya karata, kwa ufupi

Kopa, uru, shupaza, pau. Vijiweni utasikia na majina mengine, na hilo lisikusumbue. Faida ya majina haya ya zamani ni kwamba yametoka kwa Wareno: copas, ouros, espadas, paus. Ukiwa na Mreno au Mbrazili mezani, tamka kopa na uru uone anavyogeuka. Mhispania naye atayatambua matatu ya kwanza, kwa sababu karata zao za jadi zina copas, oros na espadas. Ya nne kwake ni bastos.

Tahadhari moja ya kuchekesha lakini ya kweli. Waliokulia na karata za turufu humwita mfalme mzungu wa nne, jeki mzungu wa tatu na malkia mzungu wa pili, kwa pointi zake. Mgeni aliyetembea stendi ya Moshi nusu saa tu tayari analijua neno mzungu. Ukisema "mzungu wa tatu huyo!" huku umenyoosha kidole, atadhani ni yeye. Mbele ya wageni sema kingi, kwini, jeki, na uguse karata yenyewe.

Kama karata ni za mgeni, angalia herufi za pembeni kabla ya kugawa. Mfaransa ana R, D, V. Mjerumani ana K, D, B. Mpoland ana K, D, W. Kwa wote watatu D ni malkia, na herufi ya tatu ndiyo jeki. Pakiti ya Kihispania yenyewe haina malkia kabisa. Ina mfalme, mpanda farasi na kijana, na pakiti ya karata 40 haina 8 wala 9. Hiyo mrudishie kwa heshima, tumia ya kwako.

Hatua za lasti kadi

1. Panga viti. Watu wanne ndio idadi nzuri ya kufundishia. Usikae ukitazamana na mgeni, maana kila utakachomwonyesha atakiona kichwa chini. Kaa pembeni yake. Halafu mweke mwenyeji anayeujua mchezo acheze kabla ya mgeni. Hivyo kila zamu ya mgeni ikifika, mfano ameuona sekunde tano zilizopita. Kupanga viti peke yake kunaondoa nusu ya maelezo.

2. Weka njiti ya kiberiti katikati ya meza, kichwa chake kielekee mchezaji anayefuata. Huo ndio mwelekeo wa mchezo. Usidhani mwelekeo unajulikana. Wajerumani, Waingereza na Wamarekani huzungusha kama mshale wa saa, ila Wahispania, Waitaliano na Wachina, hasa kwenye michezo yao ya jadi, huenda kinyume. Watu wawili wakitupa karata kwa mpigo mmoja, gusa njiti. Basi.

3. Panga pakiti nzima mezani, wazi, safu nne: ree (A) mpaka kingi, kila alama na safu yake. Wape na wao wapange. Kwa dakika mbili hizo wameona alama zipo nne, namba zinavyofuatana, na kwamba pakiti imetimia: kumi na tatu mara nne. Anayechelewa kupanga jeki na kwini umeshamjua mapema.

4. Toa karata zenye makali, yaani zinazomwadhibu anayefuata au kubadili alama: 2 zote, 8 zote na jeki wote. Ni karata 12, zifunike pembeni. Zimebaki 40 ambazo hazina ujanja wowote. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaanza na sheria zote kwa pamoja kwa sababu wao wamezizoea.

5. Changa, gawa karata tatu tatu, na ziwekwe wazi mbele ya kila mtu. Bunda lililobaki liwe katikati, limefunikwa, na karata moja ya juu ifunuliwe pembeni yake.

6. Cheza wewe wa kwanza, bila kusema neno. Tuseme iliyo wazi ni 9 ya kopa nawe una 6 ya kopa. Gusa alama ya kopa kwenye ile 9, gusa kopa kwenye 6 yako, kisha iweke juu. Mwenyeji anayefuata ana 6 ya pau: anagusa 6 ya mezani, anagusa 6 yake, anaweka. Miguso miwili, karata moja. Fanyeni hivyo mara tatu, taratibu, na karibu kila mtu atakuwa ameelewa sheria nzima ya mchezo. Utaona mkono wa mgeni umeshaanza kwenda kwenye karata yake kabla ya zamu.

7. Kosea makusudi. Juu ya 6 ya pau weka, kwa mfano, mfalme wa uru. Mwenyeji akuzuie, agonge pau, agonge uru, akutikisie kidole, nawe urudishe karata mkononi na ucheke. Bila hatua hii mgeni anajua kinachoruhusiwa tu, hajui kinachokatazwa, na hatajaribu kitu kwa kuogopa aibu. Akishaona mwalimu amekosea na hakuna aliyekufa, atacheza.

8. Onyesha kulamba. Ukiwa huna inayofanana, pitisha kila karata yako juu ya ile ya mezani, moja moja, ukikataa kwa kichwa, kisha chukua moja kwenye bunda. Ikifaa, itupe hapo hapo. Isipofaa, inabaki mkononi na zamu inapita. Neno kulamba usilitafsiri. Ukimwambia mgeni kwa Kiingereza cha moja kwa moja alambe karata mbili, atakutazama sana. Na wewe usilambe kidole kweli ndipo uokote. Watu wa mlimani wanaogopa kuumwa tumbo kuliko wanavyoogopa baridi.

9. Karata ya mwisho inatangazwa kwa kugonga meza mara mbili. Kusema "kadi!" ni ziada, ingawa wageni huipenda na wataisema kwa sauti kuliko wewe. Atakayesahau kugonga analamba mbili. Mwonyeshe adhabu hiyo kwa mwenyeji kwanza.

10. Duru ya pili: karata tano tano, sasa zimefichwa mkononi. Bado hakuna karata zenye makali. Mgeni akikuonyesha karata zake kuuliza, mwache aulize; gusa inayofaa, usiitoe wewe. Ukimchezea karata yake umemfukuza mezani.

11. Rudisha makali, aina moja kwa kila duru. Anza na 2: anayefuata analamba mbili na zamu inampita. Halafu 8: anayefuata anarukwa. Mwisho jeki: anayeitupa anabadili alama. Kila kali jipya lianze kumwangukia mwenyeji. Mgeni wa kwanza kuchomwa na kitu asichokijua hudhani anaibiwa, na huwezi kujitetea kwa lugha asiyoijua.

12. Kwa jeki tumia kile kipande cha boksi. Aliyetupa jeki anaweka kizibo juu ya alama anayoitaka, kizibo kinabaki pale mpaka alama ibadilike. Bila kizibo utasikia "kopa", "hearts" na "Herz" kwa pamoja, na anayefuata atacheza shupaza.

13. Mpe mgeni pakiti agawe yeye. Akigawa sawasawa, akaweka bunda na kufunua karata moja, amehitimu. Bunda likiisha katikati ya duru, acha ile karata ya juu, nyingine zichangwe ziwe bunda jipya.

Aliyemaliza kwanza anapokea harage moja kutoka kwa kila mmoja. Mwenye maharage mengi mkiitwa kula ndiye mshindi. Usiandike pointi kwa tarakimu na mistari. Kila nchi ina namna yake ya kuchora tano, na ubishi wa hesabu hauna mwisho.

Kutoka hatua ya kwanza mpaka ya tisa tenga kama dakika ishirini. Ukiona umefika nusu saa na bado mko karata tatu wazi, tatizo si wageni. Unaongea sana.

Mikono inasema uongo

Hili linastahili nafasi yake, kwa sababu mtu akinyimwa mdomo hukimbilia vidole, na vidole navyo vina lugha. Mjerumani anahesabu moja kwa kidole gumba, kwa hiyo kidole gumba na cha shahada kwake ni mbili. Vidole hivyo hivyo, vimekaa kama bastola, kwa Mchina ni nane. Sasa angalia kwenye lasti kadi: 2 inakulambisha, 8 inakuruka. Mezani kwenye Mjerumani na Mchina hiyo ni vita ndogo. Usioneshe namba kwa vidole. Gusa tarakimu iliyochapwa kwenye karata, hiyo haina kabila.

Kichwa nacho si cha kuamini sana. Mbulgaria anaweza kuinamisha kichwa akimaanisha hapana. Kwa ndiyo, acha karata ikae mezani. Kwa hapana, irudishe kwa mwenyewe. Duara la kidole gumba na cha shahada, ambalo wengi hulitumia kwa maana ya safi, kwa Mbrazili ni tusi. Gawa karata kwa mkono wa kulia kama unavyompa mtu mzima kitu chochote. Kwetu ni adabu, na kwa mgeni haina ubaya.

Maneno matano ya Kiswahili yanatosha, na ni rahisi mgeni ayashike hayo kuliko wewe kutafuta ya kwake: cheza, lamba, bado, zamu yako, kadi. Yaseme kila tendo linapotokea, si kabla. Simu ya kutafsiri iache mfukoni. Mlimani mtandao ni wa kubahatisha, na hata mjini macho yakishahamia kwenye kioo, mchezo umekufa.

Mkiwa wengi: vijiko

Watu kumi kwenye messi (hema la kulia) na pakiti moja? Lasti kadi haitoshi. Chezeni vijiko, hauhitaji neno hata moja.

1. Toa aina za karata kulingana na idadi ya watu. Mko saba, chukua aina saba, kwa mfano ree zote nne, 3 zote nne, na kuendelea. Jumla 28, kila mtu nne.
2. Weka vijiko katikati, kimoja pungufu ya idadi ya watu. Saba, vijiko sita. Uma hapana, na chupa ya chai ya moto iondoke mezani kabisa, mikono itaruka.
3. Onyesha wazi karata nne zinazofanana, kisha nyakua kijiko. Rudisha. Onyesha tena.
4. Wote kwa pamoja hesabuni "moja, mbili, tatu" na kila mtu apitishe karata moja, imefunikwa, kwa jirani kufuata njiti ya kiberiti. Rudieni.
5. Aliyepata nne zinazofanana ananyakua kijiko, wengine wote wananyakua vilivyobaki. Aliyekosa anatoka, au kwa watu wenye huruma anapoteza harage.

Kosa la kawaida hapa ni kila mtu kupitisha kwa kasi yake. Mmoja anajikuta na karata sita, mwingine mbili. Hesabu kwa sauti ndiyo inayozuia hilo, na usiku mmoja tu unatosha mgeni kuondoka anajua moja mpaka tatu. Na mnapokuwa kambi ya Horombo huko Kilimanjaro, kama mita 3,700 juu, mtu aliyeamka na kichwa kizito hahitaji mchezo wa kupiga kelele na kurukia meza. Siku ya kuzoea hali ya hewa ni ya mchezo wa tatu.

Kwa utulivu: saba

Huu Wajapani wengi wanaujua kwa jina la shichinarabe, yaani kupanga saba, kwa hiyo ukiwa nao wanaweza kukufundisha wao. Gawa pakiti yote. Si lazima kila mtu apate sawa. Walio na 7 waziweke mezani, nne zote, safu kwa wima. Kuanzia hapo kila zamu mtu anaweka karata moja inayopakana na zilizopo katika alama hiyo hiyo: pembeni ya 7 ya kopa inakaa 6 au 8 ya kopa, kisha 5 au 9, mpaka ree upande mmoja na kingi upande wa pili. Asiye nayo anagonga meza na kupita. Kupita kunaruhusiwa mara tatu. Anayemaliza karata mkononi ameshinda.

Ujanja wake ni kuficha 6 au 8 ili kuwabana wengine, na huhitaji kuufundisha. Mgeni ataugundua duru ya pili na utamwona anatabasamu peke yake.

Shida yake ni nafasi. Karata ya kawaida ina upana wa kama sentimita 6.3, kwa hiyo kumi na tatu zikipangwa bila kupandana ni zaidi ya sentimita 80. Zipandishe, kila moja iache sentimita tatu za kuonekana, safu nzima itaingia kwenye sentimita 45 hivi. Nje kwenye upepo usijaribu.

Michezo ya kuepuka siku ya kwanza: wowote unaohitaji kumwuliza mwenzako "unayo hii?" na wowote wa kudanganya namba kwa mdomo. Inachekesha kwa wanaoelewana. Kwa wasioelewana ni mtihani wa lugha uliovaa nguo za mchezo. Na karata za turufu, ingawa ndizo tamu kuliko zote, zina hesabu nyingi mno za kuonyesha kwa mikono.

Ikigoma

*Mjerumani anatupa 7 na kukusubiri ulambe mbili.* Hajakosea. Kwao 7 ndiyo ya kulambisha, 8 ya kuruka. Mkenya naye atakuambia 3 inalambisha tatu na kingi anageuza mwelekeo. Chukua karata za makali za leo, ziegemeze wazi kwenye kikombe zikiwa mfano kutoka pakiti ya pili, au zichore kwenye lile boksi: 2 na vijiti viwili, 8 na mshale unaoruka, jeki na alama nne. Kesho chezeni sheria zake. Usichanganye mbili kwa duru moja.

*Mgeni mmoja anaelewa na kuwatafsiria wenzake kwa dakika tano.* Mchezo unasimama na sheria zinafika zimepinda. Mpe yeye karata agawe. Mikono ikiwa na kazi mdomo unapungua.

*Mtu anatupa karata yoyote tu.* Rudi karata tatu wazi kwa duru moja, kwa watu wote, si kwa yeye peke yake. Kumfungulia mtu mmoja karata zake mbele ya wenzake ni kumvua shati.

*Mwenyeji anashinda kila duru.* Mwambie kwa Kiswahili apunguze kasi, lakini asijifanye mjinga. Mgeni anajua anapoachiwa. Afadhali mwenyeji aanze na karata saba na mgeni tano.

*Karata zinateleza au zimeshikana mbili mbili.* Zimepata unyevu au mafuta ya chapati. Zipanguse na kitambaa kikavu, moja moja, zitandaze ndani ya hema dakika kumi. Za karatasi usizianike juani, zitajikunja kama ganda.

*Mtu anasinzia huku ameshika karata.* Usiku wa kwenda kileleni kuna watu wanaoamshwa kabla ya saa sita. Baada ya chakula cha jioni kambi ya Kibo hakuna karata, hata wakikuomba.

*Karata moja haipo.* Angalia kwanza ndani ya mikunjo ya shuka, chini ya mkeka wa kulalia wa aliyekaa mlangoni, na kwenye mkono wa jaketi la aliyekuwa akishinda. Usipoiona, chukua jokari na uandike kwa kalamu ya wino mzito namba na alama ya iliyopotea, pembe zote mbili. Ile iliyoanguka isiachwe mlimani. Ni takataka kama nyingine. Kabla ya kufunga begi la messi asubuhi, hesabu tena: hamsini na mbili, kizibo kimoja, na jokari iliyobaki.